Wanafunzi wa Alliance Katika Miaka ya Hatari

Mji wa Kikuyu, ulioko kiasi cha kilomita 20 magharibi ya Nairobi, katika nchi ya miinuko ielekeayo Limuru na ukingo wa Bonde la Ufa, haukupata kamwe kuhesabiwa miongoni mwa miji mikubwa ya Kenya; ulikuwa stesheni ya reli, safu ya maduka, na, upande wa Thogoto, misheni ya Waskoti iliyotia mizizi tangu mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na kanisa lake na hospitali yake. Hata hivyo ni katika mji huo mdogo madhehebu ya Kiprotestanti, ambayo kwa muda mrefu yaligawana nchi na kuoneana wivu juu ya nani ahubiri wapi, yalipoafikiana kufungua shule moja ya sekondari kwa ajili ya vijana wa Kiafrika, ikafunguliwa tarehe 1 Machi 1926 na kupewa jina la mapatano hayo yenyewe, Alliance.

Mengi yamekwisha andikwa juu ya wakubwa waliotoka humo, akina Ronald Ngala wa Pwani, Jeremiah Nyagah, Charles Njonjo na Paul Ngei, na katika baraza la mawaziri la Kenya huru la mwaka 1963 waliopita Alliance hawakuwa wachache. Kadhia hiyo si haja yangu hapa. Haja yangu ni siku za wanafunzi wenyewe, na hasa siku za vita, kwa kuwa shule hii ilipitia vita viwili chini ya mwalimu mkuu mmoja, na vile vya pili vilipiganwa mlangoni mwake. Na katika vile vya pili palizuka jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili, kwa rai yangu, hawajalipa haki yake.

Mwalimu mkuu huyo alikuwa Edward Carey Francis, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza kwenye kikosi cha mizinga, kisha akawa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Peterhouse huko Cambridge, na mwaka 1928 akaiacha hadhi hiyo na kuja kufundisha Maseno, karibu na Kisumu. Alihamia Kikuyu mwaka 1940, akipokea usukani kutoka kwa G. A. Grieve aliyeiongoza shule tangu siku ya kwanza. Na mwaka huo ndio Italia ilipoingia vitani, majeshi yake yakavuka mpaka wa kaskazini na kuishika Moyale, hata watu wa Kenya ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mtaliana wakaona vita vya Ulaya vimebisha hodi katika ardhi yao.

Vita hivyo vya kwanza, kwa wanafunzi wa Alliance, vilikuwa vita vya mbali vilivyopita karibu. Vijana wa rika lao waliingia jeshini kwa maelfu. Ngei mwenyewe ni mmoja wa wasomi wa shule hiyo waliovaa sare za King's African Rifles. Baada ya Addis Ababa kutekwa mwezi Aprili 1941 mateka wa Kitaliano waliletwa Kenya kwa wingi, wakatiwa katika kazi ya kuchonga barabara ishukayo kutoka nyanda za Limuru hadi Bonde la Ufa, na kikanisa kidogo walichokijenga kando ya barabara hiyo mwaka 1942 kingalipo, na wasafiri waendao Naivasha hukiona hadi leo. Ndani ya shule, taathira kubwa zaidi ya miaka hiyo haikutoka kwa wazungu waliopigana, bali kwa walimu Waafrika waliosimama mbele ya ubao: Eliud Mathu, aliyerejea kutoka Oxford na kufundisha Alliance, aliteuliwa mwezi Oktoba 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, na James Gichuru, aliyefundisha hapo hadi 1940, akawa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa chama cha Kenya African Union. Mwanafunzi aliyefundishwa na watu wa namna hiyo hakuhitaji kuhubiriwa siasa darasani. Ilimtosha kuwatazama walimu wake wakienda.

Maisha ya kila siku yalikuwa ya nidhamu kali. Kengele iliwaamsha alfajiri, wakafagia mabweni na viwanja, wakakaguliwa na viranja, wakasali, wakaingia darasani. Alasiri ilikuwa ya michezo, na kandanda ndiyo iliyopendwa kuliko yote, hasa kwa vile Carey Francis mwenyewe aliihesabu kuwa sehemu ya malezi. Usiku kila mtu na kitabu chake, na Jumapili ibada. Palikuwa na skauti, chama cha mdahalo, sataranji, na jarida la shule. Kila bweni lilikuwa kama kabila jipya, lenye kiranja wake na majivuno yake, nalo liliwachanganya watoto wa Nyanza na wa Pwani, wa Ukambani na wa Mlima Kenya, ambao wengi wao hawakuwahi kulala chumba kimoja na mtu asiyejua lugha ya mama zao. Katika mchanganyiko huo Kiingereza kilitawala darasani kwa amri, na Kiswahili, kwa kuwa hakikuwa lugha ya bweni moja wala ya wilaya moja, kilibaki na nafasi yake wakati wa mapumziko. Jambo hili nitalirudia.

Kisha vikaja vile vita vya pili: usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari ili kuukabili uasi wa Mau Mau, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na Kikuyu, ambao ulikuwa mji wa misheni na stesheni, ukawa mji wa askari na vizuizi vya barabarani. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, Lari, ambako si mbali na hapo, watu wengi waliuawa na Mau Mau, na wengine wengi wakauawa katika kisasi kilichofuata. Shule za kujitegemea ambazo Wagikuyu walizijenga kwa harambee na jasho lao, zile za vyama vya Karing'a na KISA, zilifungwa au kutwaliwa na serikali, na chuo chao cha ualimu cha Githunguri kikafungwa. Kwa hiyo mtoto wa Kikuyu, wa Embu au wa Meru aliyekuwa na kiu ya elimu ya juu aliona milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, akabaki akiutazama ule wa Alliance, ambao ulikuwa mwembamba tangu hapo. Ni ajabu ya historia kwamba serikali ileile iliyovunja shule za wazazi ndiyo iliyowapa watoto sababu ya kuipigania shule ya wamisheni kwa ari kubwa zaidi.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Limuru aliyeitwa James Ngugi, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Alizaliwa mwaka 1938, akasoma Manguo, shule ya Karing'a, kabla haijatwaliwa. Alipopata nafasi Alliance, kaka yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Mwezi Januari 1955 alifika stesheni ya Limuru na sanduku lake, tayari kwa safari ambayo gari moshi huikamilisha kwa muda mfupi, akazuiwa kupanda pamoja na abiria wengine kwa kuwa hakuwa na kibali cha kusafiri kilichotakiwa kwa watu wa kabila lake. Wenzake wakaenda, yeye akaachwa, na lau si wema wa mfanyakazi wa reli aliyemtafutia njia ya kupanda gari la mizigo, huenda asingalifika. Ndivyo alivyoingia katika shule iliyosifika kuliko zote nchini: akisafirishwa pamoja na shehena.

Na hapo ndipo palipo kiini cha maisha ya mwanafunzi wa miaka hiyo, jambo ambalo mtu aliyesoma wakati wa amani huona taabu kulifahamu. Kwa desturi ya wanafunzi wote ulimwenguni, muhula ndio kifungo na likizo ndiyo uhuru. Mwanafunzi huhesabu siku ukutani, akitamani chakula cha nyumbani na usingizi usiokatizwa na kengele. Kwa mwanafunzi Mkikuyu wa mwaka 1954 au 1955 mambo yaligeuka chini juu. Ndani ya ua wa shule alikuwa na kitanda, chakula, sare ya kaki na jina katika daftari. Akitoka nje ya lango wakati wa likizo alikuwa mtu wa kushukiwa, wa kusimamishwa na askari wa kulinda vijiji, wa kuulizwa karatasi, wa kulazimika kuwa ndani kabla ya saa ya kafyu, na pengine wa kwenda nyumbani kusikokuwapo tena. Maana tangu katikati ya mwaka 1954 serikali iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1 wa nchi hiyo kutoka katika miji yao ya ukoo iliyotawanyika mashambani na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula wala habari. Ngũgĩ ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyorudi mwishoni mwa muhula wake wa kwanza akakuta kilima alichokijua kimekuwa kitupu, nyumba ya mama yake imebomolewa, na watu wote wamehamishiwa Kamirithu. Alikuwa amekwenda miezi mitatu tu.

Basi fikiri hali ya bweni usiku wa kwanza wa muhula mpya. Kijana wa Kisii au wa Taveta amerejea na hadithi za harusi na mavuno. Jirani yake, ambaye vitanda vyao vimetenganishwa na kijia chembamba, amerejea kutoka katika kijiji cha handaki, ana baba kizuizini au ndugu msituni, na hawezi kulisema lolote kati ya hayo, kwa kuwa hajui ni nani atakayelipeleka neno wapi. Tena si wote wa upande mmoja: watoto wa waliokula kiapo cha Mau Mau na watoto wa walinzi wa serikali walikaa benchi moja na kugombania mpira mmoja. Baina yao palikuwa na ukimya, na ukimya huo, naamini, ulikuwa somo gumu kuliko hisabati ya mwalimu mkuu.

Juu ya Carey Francis mwenyewe hukumu haiwezi kuwa ya neno moja. Alikuwa mmisheni na Mwingereza wa zama zake. Aliiona Mau Mau kuwa uovu, wala hakuficha rai yake. Aliamini kwamba Mwafrika angeweza kufikia lolote ambalo Mzungu alilifikia, lakini kwa njia ambayo yeye Carey Francis ameichora na kwa mwendo ambao yeye ameupima. Pamoja na hayo alisema waziwazi dhidi ya ukatili wa vikosi vya serikali, jambo ambalo wamisheni wengi wa siku hizo walilinyamazia, na hakuifunga shule wala kuwafukuza vijana wa Kikuyu kwa kosa la kuzaliwa Wakikuyu. Aliajiri walimu Waafrika vijana waliotoka Makerere, akina Bethwell Ogot, aliyekuja kuwa bingwa wa historia, na Joseph Kariuki, mshairi. Wapo waliompenda hadi kifo chake mwaka 1966, na wapo waliomwona kuwa mlezi wa wasomi watiifu wa ukoloni. Ushahidi wa pande zote mbili upo, na mimi naona kila upande umesema kweli nusu.

Sitara moja waliyokuwa nayo wanafunzi wote, wenye msiba na wasio nao, ilikuwa jukwaa. Kila mwaka shule iliigiza mchezo mmoja wa Shakespeare, kwa Kiingereza, kwa mavazi na kwa maandalizi ya miezi mingi. Katika miaka minne ya Ngũgĩ iliigizwa As You Like It mwaka 1955, Henry IV sehemu ya kwanza mwaka 1956, King Lear mwaka 1957, na A Midsummer Night's Dream mwaka 1958. Walimu walikusudia kuwafundisha adabu ya Kiingereza iliyo bora. Sidhani walifikiri sana juu ya yale waliyoyachagua. As You Like It ni habari za watu waliodhulumiwa na mtawala wakakimbilia msituni, wakaishi humo wakingoja haki yao irudi. Na katika hadhara iliyoketi kuutazama mchezo huo walikuwamo vijana ambao ndugu zao, saa hiyohiyo, walikuwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. King Lear, yenye kisa cha mfalme na ardhi iliyogawanywa vibaya, iliigizwa mwaka uleule ambao Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alinyongwa Kamiti, mwezi Februari. Mtawala huweza kuchuja magazeti ya watu wake, asichuje wanachokisikia katika tamthilia aliyowapa yeye mwenyewe.

Lakini Shakespeare alikuwa wa walimu. Kilichokuwa cha wanafunzi wenyewe ni kile kilichozuka kando yake, na hapa ndipo nilipoahidi kukirudia Kiswahili. Mwaka 1954, mwaka ambao mwezi Aprili serikali iliisaka Nairobi mtaa kwa mtaa na kuwakamata watu kwa makumi ya maelfu, mwanafunzi wa Alliance, Henry Kuria, alitunga mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, Nakupenda Lakini, wenzake wakauigiza. Baada yake akaja Kimani Nyoike na Maisha ni Nini, kisha Gerishon Ngugi, ambaye msomaji asimchanganye na yule wa Limuru, na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, kisha B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi. Watunzi wanne, wote wanafunzi, wote wa shule moja, wote katika kipindi cha miaka michache ya Hatari; na michezo hiyo ikapigwa chapa, ikawa miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili zilizoandikwa na Waafrika na kutolewa vitabuni.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Pwani, ambako Kiswahili kilikuwa na mashairi yaliyoandikwa kwa khati za Kiarabu kwa karne nyingi, na tenzi, na michezo ya ngoma yenye utani na mashindano, hakukuwa na desturi ya kuandika tamthilia ya kusemwa jukwaani kwa mtindo huo; na ilipoandikwa mapema katika miaka ya hamsini, haikuandikwa na malenga wa Lamu wala Mombasa, bali na vijana wa bara, katika mji wa baridi usio na mnazi hata mmoja, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Wako watakaosema, na wana hoja, kwamba Kiswahili chao hakikufikia ufasaha wa Pwani. Mimi nawauliza: kwa nini basi hawakuandika Kigikuyu, ambacho wangekiandika kwa ufasaha, wala Kiingereza, ambacho shule iliwapa tuzo kwacho? Naona jibu liko katika lile bweni la makabila mengi na katika nyakati zenyewe. Kigikuyu kilikuwa lugha iliyotiliwa shaka. Kiingereza kilikuwa lugha ya mtihani, na ya afisa aliyeuliza karatasi. Kiswahili peke yake kiliweza kuwachekesha pamoja mtoto wa Luo na mtoto wa Kikuyu, na mpishi wa shule aliyesimama nyuma mlangoni.

Na majina ya michezo hiyo yasemaje? Mapenzi yenye lakini, maisha yasiyoeleweka, kurogwa, mtu anayetafutwa na polisi. Hakuna katika majina hayo hata moja litajalo vita, na pasingeweza kuwa. Mwanafunzi aliyethubutu kuandika tamthilia ya Mau Mau mwaka 1954 angejiandikia safari ya kizuizini. Lakini kijana aliyeishi katika nchi ambamo watu wazima wengi walitakiwa na polisi hakulitoa jina la Atakiwa na Polisi hewani.

Hawakuwa peke yao kabisa. Graham Hyslop, afisa wa serikali wa muziki na maigizo, alikuwa akitunga michezo yake mwenyewe kwa Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na Ofisi ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikitafuta maandiko ya kuchapa. Bila shaka kuwapo kwa mchapishaji kulikuwa auni kubwa. Walakini mchapishaji hawezi kuchapa kisichoandikwa. Wala tusisahau kwamba Shakespeare mwenyewe hakuwa amevaa kanzu bado: Mwalimu Julius Nyerere alikuja kumtoa kwa Kiswahili mwaka 1963 tu, katika Julius Caezar, miaka tisa baada ya Henry Kuria.

Ngũgĩ, ambaye mwezi Septemba 1957 alichapisha hadithi yake ya kwanza kwa Kiingereza katika jarida la shule, baadaye aliitaja kwa sifa kazi ya wanafunzi hao wanne, na kwa rai yangu walikuwa wamemtangulia katika jambo ambalo yeye alilifikia kwa kuzunguka sana, yaani kumwandikia mtu wa kawaida katika lugha anayoisikia. Alifariki mwaka 2025. Ama Hali ya Hatari yenyewe, iliondolewa mwezi Januari 1960, na Carey Francis alistaafu mwaka 1962, akaenda kufundisha Pumwani miongoni mwa watoto wa Nairobi.

Kati ya michezo ile minne, leo ni vigumu kuupata hata mmoja dukani. Wanafunzi wa fasihi huitaja kwa majina, wakiinakili orodha kutoka kitabu kimoja hadi kingine, bila ya kuisoma. Wanaoandaa mihtasari ya Kiswahili katika vyuo vyetu, na wachapaji wa Nairobi na Dar es Salaam, wangefanya jambo la haki kuipiga chapa upya, pamoja na dibaji ielezayo ni nani waliitunga na katika miaka gani. Na mwenye nakala ya zamani katika sanduku la mzee wake, au picha ya jukwaa la wakati ule, au karatasi ya majina ya waigizaji, asiitupe, bali aipeleke maktaba ya chuo kilicho karibu naye kabla mchwa hawajaipata.